Elfu Nne Kabla ya Januari

Mazungumzo kwa wakaazi wa Dagoretti, Westlands na Kibra kuhusu ruzuku ya fedha na masomo ya watoto



Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, Barabara ya Biashara katikati ya jiji hujaa wazazi. Wanashika orodha mkononi: sweta mbili, sketi mbili, soksi, viatu vyeusi, tai. Mwenye nazo huingia dukani na kutoka na mfuko. Mwingine husimama mlangoni, huuliza bei ya sweta moja, hurudi nyuma hatua mbili kuhesabu, kisha huondoka kwenda kutafuta ya mtumba. Mazungumzo haya yanamhusu huyo aliyerudi nyuma hatua mbili.

Elimu ya msingi ni bure, na kwa kiasi kikubwa hilo ni kweli. Januari 2003 karo ya shule za msingi za umma iliondolewa. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, na mwaka wa 2018 mgao uliotangazwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ulifika shilingi 22,244 kwa mwaka. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hata hivyo mzazi wa Kawangware anajua mambo yalivyo. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu, kwa sababu ya pesa ya chakula cha mchana, pesa ya mtihani wa majaribio, au manila na gundi za mradi wa kesho asubuhi. Aliyewahi kutafuta manila saa mbili usiku hahitaji kuelezwa zaidi.

Chukueni familia moja ya mfano. Haina jina kwa sababu si ya mtu mmoja. Wenye maisha kama hayo wako wengi kati ya Gatina na Kangemi. Mama analea watoto wake watatu, na mpwa wake aliyeachwa yatima, katika chumba kimoja cha mabati. Kodi ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Anafanya kibarua cha kufua nguo Lavington na Kileleshwa, na huenda kwa miguu ili nauli ibaki mfukoni. Kazi ikipatikana siku tatu kwa wiki, kwa shilingi 600 kwa siku, mwezi unampa 7,200. Toa kodi, zinabaki 4,200. Gawanya kwa siku 30: ni shilingi 140 kwa siku, kwa watu watano. Humo mna unga, mboga, maji ya mitungi, makaa, sabuni na choo cha kulipia. Sasa mtafutieni viatu vya shule humo.

Huyo mpwa yatima ndiye anayeweza kuifungulia nyumba hiyo mlango. Mpango wa kitaifa unaojulikana kama Inua Jamii una makundi matatu: wazee waliofika miaka 70, watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa wakati wote, na kaya maskini zinazolea watoto yatima na walio katika hali ngumu. Kila moja hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 4,000 kwa miezi miwili. Kwa mama huyu wa mfano, 2,000 kwa mwezi ni kama shilingi 67 kwa siku. Zikiwekwa kando ya zile 140, ni karibu nusu yake. Hapo ndipo uzito wa pesa hizi unapoonekana. Katika afisi za mjini elfu mbili ni chakula cha mchana cha watu wawili.

Je, zinatosha karo? Hesabu isifichwe. Kwa mwaka mzima ruzuku ni shilingi 24,000. Mwongozo wa karo wa serikali uliweka kiwango cha juu cha shule za bweni kuwa shilingi 53,554 kwa kundi moja na 40,535 kwa kundi jingine. Mama akiweka ruzuku yote ya mwaka asiguse hata senti, bado hajafika. Atakayewaambia kwamba Inua Jamii peke yake inasomesha mtoto wa bweni hajapiga hesabu hiyo.

Lakini pesa hizi hufanya kazi nyingine, ambayo basari haiwezi kuifanya.

Basari, iwe ya kaunti au ya hazina ya eneo bunge, huandikwa kwa jina la shule. Hundi inaingia kwenye akaunti ya shule na kupunguza deni la karo. Ni jambo jema, na wengi walioketi hapa wamesaidiwa nalo. Ila basari haimnunulii mtoto godoro wala sanduku la bati. Haimlipii msichana sodo. Haiwezi kumpa mtoto wa Uthiru nauli ya kwenda shule ya kutwa iliyo mbali asubuhi ya mvua. Zaidi ya hayo, mwenye kujaza fomu ya basari ni lazima kwanza awe na shule, barua ya kuitwa, na taarifa ya karo. Kuna watoto wanaokwama kabla ya kufika hapo. Wameitwa, nafasi ipo, na wazazi wameangalia orodha ya vitu vya kubeba wakaikunja karatasi.

Isitoshe, basari inaweza kusimamishwa kwa barua moja. Mapema mwaka wa 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti zisitishe kutoa basari hadi ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si sekondari. Suala hilo lilifika mahakamani. Wazazi walikuwa wakifuata habari hizo huku watoto wao wakiwa na barua za deni mikononi. Kuna somo hapo kwa afisi zote, hii ya kaunti ikiwemo: msaada wa njia moja pekee ni msaada unaoweza kukatika wote kwa siku moja.

Ruzuku ya fedha ilianza kwa unyonge. Mwaka wa 2004, wakati ukimwi ulipokuwa umeacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao, serikali ikishirikiana na UNICEF ilijaribu mpango huu kwa kaya 500 katika wilaya za wakati huo za Garissa, Kwale na Nairobi. Kila kaya ilipata shilingi 500 kwa mwezi. Kwa hivyo Nairobi haikuupokea mpango huu baada ya wengine. Ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Kiwango kilipanda hadi 1,500, kisha 2,000, na njia ya malipo nayo ikabadilika: afisi za wilaya, halafu Posta, halafu benki. Mwaka wa 2013 mipango mbalimbali iliwekwa chini ya mwavuli mmoja wa kitaifa.

Kati ya 2007 na 2009 watafiti walifuatilia kaya za mpango huu wa yatima katika wilaya saba, Nairobi ikiwa mojawapo, wakizilinganisha na kaya zinazofanana nazo ambazo zilikuwa bado hazijaingizwa. Waliyoyaona yanafaa kusemwa bila kuongezwa chumvi. Katika shule za msingi, kuandikishwa kwa watoto hakukubadilika sana, kwa sababu tangu 2003 wengi walikuwa tayari darasani. Tofauti ilijitokeza sekondari. Watoto wa kaya zilizopokea fedha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia kidato cha kwanza na kuendelea. Uchunguzi wa baadaye wa kaya zizo hizo ulionyesha pia kwamba wasichana wao hawakupata mimba za mapema kwa kiwango cha wenzao. Hakuna aliyewahubiria. Kilichoongezeka nyumbani ni pesa kidogo, zilizokuja kwa mpangilio.

Karibu zaidi na hapa, Kibra, kulikuwa na mpango mwingine kati ya 2015 na 2017 uliowalenga wasichana wa miaka 11 hadi 14, pamoja na wenzao wa Wajir. Ulisimamiwa na Population Council na wadau wake. Miongoni mwa mambo yaliyojaribiwa ni kuzipa familia fedha kwa sharti kwamba msichana ameandikishwa na anahudhuria, pamoja na kulipia sehemu ya gharama za shule na kuwapa vifaa. Kibra iko umbali wa kutembea kutoka afisi nyingi za serikali na mashirika, na bado msichana anaweza kuacha shule pale kwa kukosa vitu vya bei ya chini kabisa. Matokeo ya Kibra yalionyesha kwamba sehemu ya elimu ya mpango huo iliwasaidia wasichana kumaliza shule ya msingi na kuvuka kwenda sekondari.

Kuna swali ambalo huulizwa kila baraza, mara nyingi na mzee wa nyuma, na ni swali la haki: mkiwapa watu pesa mkononi, si watalewa? Rarieda, kaunti ya Siaya, kati ya 2011 na 2013, familia maskini zilipewa fedha na shirika moja bila sharti lolote, na watafiti wakaangalia zilikokwenda. Matumizi ya chakula yalipanda, na watu walinunua mifugo na mabati. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna baba atakayeingia kwenye baa na pesa za mtoto. Kila mtaa una wake. Inamaanisha kwamba si vizuri kuwapangia wazazi mia adhabu ya mmoja.

Swali la masharti ni gumu zaidi. Mexico, kuanzia 1997, iliwalipa akina mama kwa sharti la mtoto kwenda shule, na wasichana wa sekondari walilipiwa zaidi ya wavulana. Malawi, katika wilaya ya Zomba, walijaribu njia mbili kwa wasichana. Masharti yaliwaweka zaidi darasani. Fedha zisizo na masharti, kwa upande wake, zilipunguza ndoa na mimba kwa wale ambao wangeacha shule vyovyote vile. Maana yake ni kwamba sharti linambana zaidi aliye na shida zaidi: anayekosa shule anakosa na pesa, wakati ule ule anapozihitaji. Kwa mitaa kama Kangemi, ambako mtoto anaweza kukosa wiki mbili kwa sababu nyumba imeungua, hilo si jambo dogo.

Sasa rudini kwa yule mama wa Gatina, maana kuna jambo moja ambalo takwimu hazilionyeshi vizuri, nalo ni tarehe.

Malipo ya Novemba na Desemba yakifika kwa wakati, 4,000 zinaingia kabla shule kufunguliwa. Sweta inanunuliwa, viatu vinanunuliwa, na mtoto anaripoti siku ya kwanza. Pesa zile zile zikifika mwezi wa tatu, mama alishakopa kwenye simu mwezi wa kwanza, au kwa jirani wa kukopesha kwa riba. Zinapoingia zinalipa deni. Mtoto aliripoti wiki tatu baadaye au alikaa nyuma ya darasa na viatu vya raba akisubiri kuitwa afisini. Kwenye vitabu vya serikali familia hiyo imelipwa kikamilifu, shilingi 24,000 kwa mwaka. Kwa mtoto, ni pesa mbili tofauti kabisa. Malipo ya mpango huu yamewahi kuchelewa, na wanufaika waliopo hapa wanajua kulala na simu karibu na sikio wakingoja ujumbe. Mpango huu ni wa serikali ya kitaifa, chini ya Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii, na kaunti haina mkono katika siku ya kulipa. Lakini wakaazi wanastahili kuambiwa wazi kwamba ucheleweshaji una gharama, na gharama hiyo hubebwa na mtoto.

Pesa zinazokuja kwa tarehe inayojulikana zina faida nyingine ambayo akina mama huitambua haraka kuliko wachumi. Mama mwenye tarehe anaweza kuingia chama. Anaweza kuomba apewe zamu yake mwezi wa kwanza, na wenzake wakakubali kwa sababu wanajua atarudisha. Mwenye duka anamwandikia unga kwenye daftari. Ile 4,000 inakuwa dhamana, na inavuta pesa nyingine ambazo hazingekuja. Ikianza kuyumba, dhamana hiyo ndiyo ya kwanza kuvunjika, na kuijenga tena huchukua muda.

Yako yasiyowezekana pia. Kiwango cha 2,000 kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga, mafuta ya kupikia na kodi ikijua njia moja tu. Na fedha mkononi mwa mzazi hazijengi shule. Mnakumbuka Septemba 23, 2019, huko Ng'ando, ambapo jengo la shule ya kibinafsi liliporomoka asubuhi na wanafunzi 8 wakafariki. Wazazi wa pale hawakuwa wazembe. Walipeleka watoto shule iliyokuwa karibu na waliyoweza kuilipia, kwa sababu shule ya umma ilikuwa mbali na barabara kubwa ilikuwa ya kuvukwa. Mzazi akipewa elfu nne leo na shule ya karibu ikawa ile ile, atanunua nafasi ile ile. Ruzuku inampa mzazi uwezo wa kuchagua pale tu ambapo kuna cha kuchagua. Hayo mengine ni madarasa, walimu na ardhi, na hapo serikali zote mbili zina deni na mitaa ya magharibi.

Kwa upande wa kaunti, msaada ulio karibu zaidi na fedha mkononi ni chakula. Mpango wa Dishi na County, uliozinduliwa Juni 2023 na Gavana Johnson Sakaja, humpa mtoto wa shule ya umma chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mzazi hulipa kwa simu na mtoto hugusisha bangili ya mkononi anapochukua sahani. Kwa wiki ya siku tano ni shilingi 25 kwa mtoto. Mama aliyekuwa akitoa shilingi 50 kwa siku kwa chakula cha kibandani ameokoa 225 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na kwa watoto wawili ni 450. Hakuna aliyempelekea pesa hizo, lakini zimebaki kwenye leso yake, naye ataamua kama ni za daftari au za maji. Mtoto aliye katika shule ya kibinafsi ya mtaani hafikiwi na chakula hiki, na hao ni wengi Kawangware na Kangemi. Hilo linajulikana, na wazazi wana haki ya kuendelea kuuliza.

Kuhusu kuingia Inua Jamii: usajili hufunguliwa kwa awamu, na habari zake hupitia kwa chifu na maafisa wa ustawi wa jamii na wa watoto walio katika kaunti ndogo. Majina husomwa mbele ya baraza ili mtaa uthibitishe kwamba kaya hiyo kweli inahitaji, kwa hivyo hudhurieni baraza hata kama jina lenu haliko. Mtasemea jirani asiyeweza kuja. Usajili ni bure. Anayewaomba elfu moja ili "awaingize kwenye mfumo" ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Mlezi wa yatima atahitaji kitambulisho chake cha taifa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na, ikiwezekana, cheti cha kifo cha mzazi. Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa. Anayekikosa aanze kukitafuta sasa, pasipo kungoja usajili utangazwe. Mahali pamoja pa kuanzia mjini ni Huduma Centre ya GPO, Kenyatta Avenue.

Na kwa nyumba ambazo nyanya ndiye anayepokea: nyanya akiaga dunia au akizidiwa na ugonjwa, kaya haifutwi hapo hapo, lakini mlezi ni lazima abadilishwe rasmi. Jamaa wengi huogopa kuripoti, wakidhani wakisema nyanya hayupo pesa zitakatwa. Kinyume chake ndicho hutokea. Zisipochukuliwa kwa muda, malipo husimamishwa, na mjukuu aliye kidato cha tatu hubaki bila kitu muhula ule ule aliompoteza bibi yake. Nendeni kwa chifu au kwa afisa wa watoto mkiwa na cheti cha kifo na kitambulisho cha anayechukua nafasi ya mlezi, mapema iwezekanavyo baada ya mazishi.